Kwenda Tulun

Ukitoka Irkutsk kwa treni kuelekea magharibi, mji mkubwa wa kwanza kuupita ni Angarsk. Huko ndiko kwao Ekaterina Bukina, aliyepata shaba ya mieleka ya wanawake, uzito wa kilo 75, kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Ukiendelea kukaa zitapita Usolye-Sibirskoye, Cheremkhovo yenye machimbo ya makaa ya mawe, na Zima alikokulia mshairi Yevgeny Yevtushenko. Saa sita na ushei tangu uanze safari utafika Tulun, mji wa watu kama 40,000 kandokando ya mto Iya. Tulun ndiko alikozaliwa Natalia Vorobieva, tarehe 27 Mei 1991, mwanamke wa kwanza wa Urusi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mieleka. Naye alikuwa Rio mwaka ule wa Bukina, akarudi na fedha. Wanawake wawili, medali mbili za Olimpiki moja, na wote wametoka kwenye reli hii ambayo wageni huijua kwa kupita tu. Wanapiga picha misonobari dirishani, wanashuka Ziwa Baikal, basi.

Mimi niliamua kushuka Tulun. Ilikuwa Desemba 2019, na tangu nifike Siberia sikuwahi kusafiri mwenyewe nje ya Irkutsk na ziwa lake.

“Dada, kule unaenda kutafuta nini?” aliniuliza mwenzangu wa bwenini, Mkongo wa Lubumbashi ambaye Kiswahili kilitukutanisha kabla Kirusi hakijakubali kukaa midomoni mwetu. Nikamwambia naenda kuona mahali anapoanzia mwanamieleka. Akacheka mpaka akashika mlango. “Mieleka? Ile ya kuvunjiana viti mgongoni?”

Sikumlaumu. Kwetu Tanzania wengi tumekulia kwenye yale maonyesho ya Kimarekani ya televisheni, ambapo majitu yanarukiana kutoka juu ya kamba na mshindi kapangwa tangu jana. Mieleka ya Olimpiki haina kamba. Ina mkeka wenye duara la mita tisa, na watu wawili, mmoja kavaa nyekundu, mwingine bluu. Wanaume wana mitindo miwili: ule wa Kigiriki na Kirumi, ambao ni marufuku kushika chini ya kiuno, na mtindo huru, ambao miguu ni halali. Wanawake wana mtindo huru peke yake. Ukimpeleka mwenzako chini na kumdhibiti, unapata pointi mbili. Akitoka nje ya duara, unapata moja. Ukimrusha akapaa hewani kabla ya kutua, nne, na mrusho wa nadra sana ni tano. Katika mtindo huru, tofauti ikifika pointi kumi, pambano linakatishwa. Lakini hata kama umeachwa kwa tisa, ukayabana mabega yake yote mawili mkekani, umeshinda papo hapo, na zile pointi zake tisa hazina wa kuziuliza.

“Hiyo tulicheza tukiwa watoto, kaka,” nikamwambia.

“Ninyi wasichana?”

“Mpaka tulipoambiwa tuache.”

Hata Olimpiki yenyewe ilichelewa. Mieleka ya wanaume ilikuwamo Athens mwaka 1896. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza ya dunia mwaka 1987, huko Norway, na Olimpiki ikawafungulia mlango Athens ileile mwaka 2004, kwa madaraja manne tu ya uzito. Vorobieva alikuwa na miaka 13 wakati huo. Kizazi chake ndicho cha kwanza cha wasichana ambao wangeweza kuambiwa, tangu siku ya kwanza ukumbini, kwamba mchezo huu unakwenda mpaka Olimpiki.

Stesheni ya Irkutsk iko ng’ambo ya mto Angara. Mto huo haugandi hapo mjini hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu ya maji yanayotoka kwenye bwawa la umeme lililo juu yake, na asubuhi ile ulikuwa unafuka mvuke kiasi kwamba daraja lilionekana nusu. Kipimajoto kilisema nyuzi 27 chini ya sifuri. Pua inaganda kwa ndani. Kila ukivuta hewa unasikia vinyweleo vikishikana. Nilikuwa nimevaa kila nilichonacho.

Tiketi yangu ilionyesha saa za Irkutsk, jambo ambalo kwa abiria wazee bado lilikuwa geni. Mpaka Agosti 2018 stesheni zote za Urusi, kutoka mpaka wa Ulaya hadi Pasifiki, zilifuata saa za Moscow. Na tangu mwaka 2014 saa za Moscow ndizo saa za Dar es Salaam. Kwa hiyo kwa miaka ile Mtanzania aliyesimama kwenye jukwaa la Irkutsk, akainua macho kuitazama saa ya stesheni, alikuwa anaona saa ileile aliyokuwa akiiona mama yake jikoni. Nilichelewa kuja. Ningependa kuiona.

Nilikata tiketi ya daraja la vitanda visivyo na milango, ambalo ndilo la watu wengi. Behewa lina vitanda 54, vya chini na vya juu, na miguu ya walio juu inakutana na uso wako ukipita njiani. Mwishoni mwa behewa kuna tangi la maji ya moto usiku na mchana, na mhudumu anakuletea chai kwenye bilauri iliyovikwa kishikio cha chuma. Joto linatoka kwenye tanuri la makaa ya mawe lililo ndani ya behewa lenyewe, na mhudumu ndiye analichochea. Nje tulikuwa tunaganda. Ndani nilivua tabaka baada ya tabaka mpaka nikabaki na fulana. Kila tukisimama, mhudumu alishuka na mtaimbo akawa anaivunja barafu iliyoning’inia chini ya behewa, kisha anarudi, ananawa, anauza biskuti.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Kuytun, kituo kabla ya Tulun. Alinitazama kwa muda, akafungua mfuko, akatoa mikate iliyojazwa kabichi, matango ya chumvi na mayai, akavisogeza upande wangu bila kuuliza. Nikamshukuru. Alipokwisha kuniona natafuna ndipo akaona sasa anaweza kunihoji.

“Binti, Tulun una nani?”

“Sina mtu, bibi. Nakwenda kwa ajili ya Vorobieva.”

“Natasha wetu!” Alipiga kofi kwenye paja, ingawa yeye wa Kuytun na bingwa wa Tulun ni miji miwili mbalimbali, na sidhani kama waliwahi kuonana. Siberia “wetu” ni mpana. Kisha akaniambia jambo ambalo nililibeba kwa safari nzima. Nilimuuliza kwa nini wasichana wa miji midogo ya huku wanaingia kwenye mieleka, nikitegemea hadithi ya ushujaa. Akajibu, “Ukumbi una joto, na ni bure. Mama yuko kazini mpaka jioni. Mtoto aende wapi?”

Ni kweli. Enzi za Kisovieti ziliacha nchi nzima ikiwa na shule za michezo za watoto, zinazoendeshwa na serikali, ambazo mzazi halipii mafunzo. Katika mji mkubwa mtoto anachagua kati ya kuogelea, tenisi, densi ya barafu. Katika mji wa viwanda wenye theluji miezi mitano au sita, mara nyingi kinachopatikana ni kile kinachohitaji vifaa vichache, na mieleka inahitaji mkeka na mwalimu. Hakuna raketi, hakuna farasi, hakuna maji ya kupashwa moto. Waandishi wa michezo wanapenda kusema bingwa huzaliwa na moyo wa simba. Mimi naanza kuamini kwamba kwanza bingwa hupata mahali pa kukaa baada ya shule.

Tulipoiacha Zima jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na bado ilikuwa mchana. Kwenye nguzo za kando ya reli yameandikwa maelfu ya kilomita kutoka Moscow. Tulun iko karibu kilomita 4,800. Reli ya TAZARA yote, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860. Ungeilaza hapa mara mbili na bado ungebaki na safari. Nilijaribu kufikiri maana ya umbali huo kwa msichana anayetaka kushindana. Kambi za timu ya taifa ziko upande wa Ulaya, na Vorobieva mwenyewe hatimaye alihamia Saint Petersburg. Hata mashindano makubwa yaliyo karibu, yale ya kumbukumbu ya Ivan Yarygin, yanayofanyika Krasnoyarsk kwa kawaida Januari, kutoka Tulun ni kilomita 700 hivi. Yarygin mwenyewe, bingwa wa Olimpiki wa 1972 na 1976, alikuwa mtu wa huku Siberia, na mashindano hayo yana sifa ya kuwa magumu kwa sababu Warusi wanajaza watu wengi katika kila uzito. Wapo wanaosema ni rahisi kupata medali ya dunia kuliko kuipata Krasnoyarsk. Siwezi kuamua hilo, lakini nimesikia linasemwa na watu wasiopenda utani.

London, sasa. Tarehe 9 Agosti 2012, ukumbi wa ExCeL, fainali ya Olimpiki ya kilo 72. Upande mmoja Stanka Zlateva wa Bulgaria, miaka 29, bingwa wa dunia mara tano, aliyepoteza fainali ya Beijing 2008 na sasa amekuja kuchukua kilichobaki. Upande wa pili Vorobieva, miaka 21. Urusi ilikuwa imefika fainali za wanawake kabla yake na kuondoka na fedha: Guzel Manyurova mwaka 2004, katika uzito huohuo wa 72, na Alena Kartashova mwaka 2008, aliyekutana na Kaori Icho wa Japani, na kukutana na Icho enzi hizo ilikuwa sawa na kusomewa hukumu. Manyurova alikuwapo London pia, sasa akiiwakilisha Kazakhstan, akapata shaba. Sheria za wakati ule ziligawa pambano katika raundi tatu za dakika mbili mbili, kila raundi ikihesabiwa peke yake. Ukishinda mbili, umemaliza. Lakini halikufika huko. Vorobieva alimlaza Zlateva chali na kuyabana mabega yake mkekani.

Video hiyo nimeitazama mara nyingi kupita kiasi. Kinachonivuta ni ghafla yake. Mwanamke mwenye mataji matano ya dunia yuko sawa, yuko sawa, halafu hayuko. Hakuna mchezo mwingine wenye ukatili wa namna hii isipokuwa ndondi, na katika ndondi angalau aliyepigwa mara nyingi hajui kilichotokea. Aliyebanwa mabega anaona kila kitu. Anaangalia taa za dari.

Bibi aliteremka Kuytun akiwa amenifungia mikate miwili kwenye karatasi. “Tulun ule,” alisema, kama vile Tulun hakuna chakula.

Kulikuwa kumeshaingia giza nilipofika. Mwenye chumba nilichopanga, mama wa makamo, alinipokea na viatu vya sufu iliyoshindiliwa mkononi, akaniamuru nivivae kabla hajasema karibu. Nikamuuliza kuhusu mieleka; akanijibu kuhusu maji. Ikawa hivyo kwa kila mtu. Mwisho wa Juni mwaka uleule mto Iya ulifurika. Kiwango cha hatari ni mita saba. Maji yalifika karibu mita kumi na nne, yakapita juu ya tuta lililojengwa kuulinda mji. Nyumba za magogo ziling’oka nzima nzima, na mapaa yake, zikaelea mpaka kwenye daraja, zikawa zinagongana hapo na kuvunjika. Mkoani walifariki watu zaidi ya 20, na Tulun ndiyo iliyoumia kuliko mji wowote. Mwishoni mwa Julai maji yakaja tena.

Asubuhi nilitembea upande wa chini wa mji. Viwanja vilikuwa vitupu, vimefunikwa theluji safi, na katikati ya weupe huo yalisimama majiko ya matofali yaliyobaki peke yake, kwa sababu jiko la Kirusi ni zito na maji hayakuweza kulibeba pamoja na nyumba. Kwenye majengo yaliyosalia mstari wa tope ulikuwa umepita juu ya kichwa changu, juu sana. Nilinyoosha mkono na bado haukuufikia.

Septemba ya mwaka huohuo, miezi isiyotimia mitatu tangu mafuriko ya kwanza, Natalia Vorobieva alikuwa Nur-Sultan, Kazakhstan, kwenye mashindano ya dunia, akatwaa dhahabu ya kilo 72. Sitasema alishinda kwa ajili ya Tulun. Wanariadha huambiwa wanashinda kwa ajili ya mambo mengi ambayo wao hawakuyasema. Nasema tu kwamba kila niliyemtajia jina lake mjini, kabla ya kutaja London, alitaja Septemba.

Ukumbi wa mazoezi nilioupata ulikuwa wa kawaida kabisa: madirisha yaliyoganda kwa ndani, harufu ya jasho na mpira, mkeka uliotiwa viraka kwa utepe. Mwalimu, mzee mwenye masikio yaliyovimba na kukunjamana, alama ya kazi ya miaka mingi ya kusuguliwa kichwa, alinitazama miguuni kwanza. “Viatu,” alisema. Nikavua. Ndipo akanisalimu.

Wavulana na wasichana walifanya mazoezi pamoja. Walianza na shingo. Wanalala chali, wanasukuma mwili juu mpaka umebaki unashikiliwa na nyayo na utosi, halafu wanabembea mbele na nyuma. Hiyo wanaiita daraja, na ndiyo bima ya mwanamieleka, kwa kuwa shingo yenye nguvu ndiyo inayoyazuia mabega yasiguse mkeka. Kisha kamba: kupanda hadi darini kwa mikono mitupu. Kisha, kwa muda mrefu unaochosha hata kutazama, kitu kimoja tu, kuingia kwenye mguu wa mwenzako. Hatua, goti, kichwa ubavuni, shika, inua. Rudi. Hatua, goti, kichwa ubavuni. Msichana mmoja mwembamba mwenye nywele zilizosukwa mikia miwili alikuwa akifanya haraka zaidi ya wote, na mwalimu hakumsifu hata mara moja. Alimpigia kelele tu kuhusu kichwa chake. Hao wengine hakuwapigia kelele. Nikaelewa nani anatazamwa.

“Huyu ataondoka,” mwalimu aliniambia baadaye, akichemsha maji kwenye birika la umeme. “Akifika umri, ataitwa shule ya akiba ya Olimpiki kwenye jiji kubwa. Bweni, chakula, daktari, wenzake wa uzito wake. Hapa hana wa kushindana naye ila wavulana, na mwaka kesho kutwa wavulana watakuwa wazito.”

“Inakuuma?”

“Asipoondoka ndipo itaniuma.”

Nilimwambia maoni yangu, kwamba kwangu mimi taji la 2019 ni kubwa kuliko la London. Alinikatalia kabla sijamaliza. Olimpiki ni mara moja kwa miaka minne, alisema; mashindano ya dunia yapo karibu kila mwaka. Hata hivyo nilikuwa na hoja yangu, na bado ninayo. Msichana wa miaka 21 anayemwangusha bingwa hana cha kupoteza. Mwanamke wa miaka 28 anayerudi ana kila kitu cha kupoteza, na zaidi ya hapo ameshapitia Rio.

Na Rio haipitiki kirahisi. Baada ya London mchezo wenyewe nusura ufe: Februari 2013 viongozi wa Olimpiki walipendekeza mieleka iondolewe, na ilibidi shirikisho la mieleka libadilishe uongozi na sheria kwa haraka kabla ya kura ya Septemba iliyoirudisha. Raundi tatu za kujitegemea zikafutwa. Zikaja mbili za dakika tatu tatu, na pointi zinajumlishwa. Madaraja ya uzito ya wanawake yakapangwa upya pia. Ile 72 yake ikatoweka kwa muda, akashuka hadi 69. Kushuka kilo tatu kwa mwanamke ambaye mwili wake wote ni msuli si jambo la kuacha sukari kwenye chai. Akashuka, na mwaka 2015, Las Vegas, akawa bingwa wa dunia wa kilo 69. Kwa hiyo alikwenda Rio akiwa na taji la Olimpiki na la dunia kwa pamoja.

Jioni ya 17 Agosti 2016 fainali tatu zilipigwa na Japani ilikuwa katika zote tatu. Katika kilo 48 Eri Tosaka aligeuza matokeo sekunde za mwisho dhidi ya Mariya Stadnik wa Azerbaijan. Katika kilo 58 Mrusi Valeria Koblova alikuwa anamwongoza Kaori Icho, mwanamke ambaye hakuna aliyetarajia angeongozwa, mpaka pambano lilipokuwa linakata roho. Icho akampeleka chini, tatu kwa mbili, dhahabu ya nne mfululizo. Halafu akaingia Vorobieva kukutana na Sara Dosho. Mrusi aliongoza mbili kwa bila. Muda ulipokuwa unakwisha Dosho akaupata mguu, akamwangusha. Mbili kwa mbili. Na sheria inasema pointi zikilingana na kila kigezo kingine kikilingana, anashinda aliyepata pointi ya mwisho.

Dosho alikuwa na miaka 21. Umri uleule aliokuwa nao Vorobieva alipomlaza Zlateva.

Mwalimu alinionyesha mkekani, kwa kutumia wanafunzi wawili, namna Dosho alivyoingia. Hakuwa na uchungu. Alikuwa na hamu, jinsi fundi anavyolifungua redio la mtu mwingine. “Tazama, mguu wa mbele umebaki. Sekunde moja umebaki.” Akawarudisha wanafunzi, akawaambia wairudie, yule wa mikia miwili akiwa Dosho. Kisha wabadilishane, awe Vorobieva, aondoe mguu. Walirudia mpaka mguu ukawa unaondoka wenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu taji la 2019 ambalo halisemwi sana. Mashindano ya dunia ya wanawake sasa yana madaraja kumi ya uzito, lakini Olimpiki ina sita tu. Kilo 72 haimo. Bingwa wa dunia wa 72 akitaka Olimpiki lazima apungue hadi 68 au apande hadi 76 akawakute walioizoea. Unaweza kuwa mwanamke bora duniani katika mwili ulionao, kisha ukaambiwa mwili huo hauna nafasi, lete mwingine. Niliposema hivyo mwalimu hakunibishia. Alisema tu kwamba kila Jumatatu anawapima watoto uzito mbele ya wenzao, na kwamba wapo anaowapima wakiwa peke yao, kwa sababu anajua nani analia.

Nilirudi Irkutsk kwa treni ya usiku. Kitanda cha ng’ambo alikuwa msichana wa chuo aliyepandia Tulun baada ya kutembelea kwao, mwanamieleka wa kilo 53, anakwenda kwenye mashindano ya vyuo. Asubuhi angepimwa uzito, kwa hiyo hakuwa anakula wala kunywa, na alikuwa amevaa jaketi mbili ndani ya behewa lile lenye tanuri, anatembea njiani toka mwanzo hadi mwisho, toka mwisho hadi mwanzo. Mikate ya bibi wa Kuytun ilikuwa bado imo kwenye mkoba wangu. Niliila upande wa mlango, mbali na pua yake.

Aliponiona nimerudi alisimama kunihoji kidogo, akihema. Ninatoka wapi? Tanzania. Alimjua Odunayo Adekuoroye wa Nigeria, aliyepata fedha ya dunia Paris mwaka 2017. Alimtaja kwa heshima, na alinionyesha kwa mikono jinsi anavyoingia mguuni. Na kwetu? Wasichana wanapigana mieleka?

“Ndondi wapo,” nikamwambia. “Mieleka, mimi binafsi simfahamu hata mmoja.”

Alifikiri.

“Hata wa kilo 53?”

“Hata wa kilo 53.”

“Basi nafasi iko wazi,” alisema, akavuta zipu mpaka kidevuni, akaendelea na safari yake ya kwenda na kurudi, huku mhudumu akimgombeza kwamba anawaamsha watu.